Udongo Ulioniwekea

Dada Upendo, shikamoo.

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Mgongo umepata nafuu? Na migomba ya juu, upepo haujailaza tena? Mimi mwili ni mzima. Simu zako sipokei kwa sababu kwenye simu ningejibu haraka, na nikijibu haraka najitetea.

Uliniuliza kama kweli nilinyimwa ruhusa ya kuja kumzika mama. Ukasema udongo ulioniwekea kando ya kaburi, fungu langu la mtoto wa mwisho la kumfukia mama, hautamwagwa mpaka niseme kweli. Una haki.

Kwenye hii nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kila asubuhi wafanyakazi tunakaa kimya, tumefumba macho, tunafuata pumzi. Mwalimu anasema ukitulia utajiona ulivyo. Mwanzoni nilicheka, kwetu mtu akifumba macho asubuhi anasali au anasinzia. Lakini swali lako lilinikaba, nikakaa kweli. Nikajiona wazi nimesimama mlangoni kwa msimamizi wangu, naomba, ananikatalia. Hata rangi ya sweta lake niliiona.

Nikamfuata nimevimba kwa hasira. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Hukuniomba. Habari za msiba nilizisikia kwa wenzako, nikakusubiri uje. Ningekupa siku hiyohiyo."

Dada, sikukudanganya. Niliamini hivyo.

Tangu hapo nakaa kimya kila siku natafuta kwa nini sikuomba. Siku moja naona ni woga wa kumkuta mama ndani ya jeneza. Siku nyingine naona ni uchovu tu. Jana niliona kwamba sikumpenda vya kutosha, nikalia, kisha sikujua kama namlilia yeye au najihurumia. Kila jibu linakuja wazi kama lile sweta. Siamini hata moja.

Aliyenijua ni mama. Nilikuwa nikisema nimeshiba, yeye ananiongezea loshoro, yale mahindi yake ya maziwa mgando, bila kubishana, nami namaliza bakuli. Leo ningemuuliza yeye.

Nisalimie shemeji, wapwa wangu wote wawili, na baba mdogo anayetutunzia ng'ombe.

Usiningoje tena, dada. Kweli unayoitaka nimeitafuta, sina. Ule udongo umwage wewe, mvua isije ikauchukua. Nadhani naumia ninapoandika hivi. Nadhani.

Ni mimi uliyenibeba mgongoni,
Elibariki