Ndege Ndogo Iliyotua Newala

Mama Zuhura, nakusalimu kutoka Newala, kwenye baridi ya kutia watu adabu. Mumeo mzima, na kwa uzuri huku hajapata mpinzani.

Nilimkuta mtani wangu Chilumba hoi, pumzi zinakatika. Jana ikatua ndege ndogo. Unawakumbuka wale madaktari wa misheni waliokuwa wakija kwa ndege? Kwetu ndege ndogo ni daktari tu. Tukambeba Chilumba na kitanda chake mbio, mimi mbele, vijana wanahema nyuma yangu!

Akashuka jamaa wa Dar. "Shikamooni wazee. Mimi fundi mafriji. Ndege narusha siku za mapumziko, kujifurahisha tu."

"Marahaba. Basi mtengeneze huyu," nikamwambia, "naye kaanza kupoa."

Hakucheka. Akaanza kufungua kiti cha nyuma apate pa kumlaza, amkimbize Mtwara. Hajamaliza, Chilumba akakata roho. Yule fundi akashika upande mmoja wa kitanda, tukamrudisha marehemu nyumbani kwa miguu.

Leo tunazika. Wananisubiri mimi mtani nimtanie maiti kaburini, kama ilivyo desturi ya watani, na mdomo umegoma. Ungekuwepo wewe unayenizidi maneno, ungenisaidia. Nakupenda, mke wangu.