Mbao za Chumba Chako

Hashabia, mjukuu wangu, mume wangu uliyenikimbia, huko Babeli,

Sisi wazima. Mvua imetunyima mwaka wa pili, ila mbuzi kazaa pacha.

Juzi nabii alipita, akaitazama dari ya chumba nilichokujengea. "Mama, hapa mbao za mwerezi, na nyumba ya Mungu bado magofu?"

"Baba, hicho cha mjukuu wangu. Anarudi."

"Unasema hivyo tangu lini?"

Nikahesabu miaka kwa vidole, vidole vikaniishia! Kulipokucha nikazing'oa mbao zile mwenyewe, nikawapelekea wajenzi wa hekalu.

Chumba hakina dari tena. Ukija, utalala kwangu. Kama huji, sema wazi, nilie mara moja yaishe.

Bibi yako Yerusha. Kaandika jirani, nimesema mimi.