Ngoma ya Saidi kwenye Mkono wa Chuma

Saidi, mtani wangu,

Nianze na habari mbaya ili tumalizane nazo. Bendi haitafuti mtu wa kusimama mahali pako. Baba Zuhura alilitamka hilo siku ile ile tuliyokuzika, tukiwa ndani ya gari kutoka Kitangari, viatu bado vina udongo. Alisema vyombo vyako vyote vifungwe kwenye dramu zangu, nipige mimi peke yangu, vyako na vyangu. Nikishindwa, ataleta kinanda chenye sauti za ngoma ndani yake, kibonyezwe kijipigie. Unamjua kiongozi wetu, akishasema kasema. Nilimchukia, Saidi. Nilikaa kiti cha nyuma na ngoma yako mapajani mpaka tukafika Masasi.

Utauliza ngoma yako nilikuwa nayo kwa ruhusa ya nani. Pale msibani watu walikuwa wananisubiri. Mmakua kaja kumzika Mmakonde, lazima amtanie marehemu, la sivyo wataona simo kwenye huzuni yao. Nikaikumbatia ile ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka, nikatangaza kwamba umeniachia mimi, na anayebisha akuamshe akuulize. Wakacheka. Nilitegemea mama yako aje aing'ang'anie, tuvutane kama ilivyo desturi, mwishowe anipe kuku nimwachie. Hakuja kuvutana na mtu. Alisema tu, "Mwacheni mtani aichukue, asije akasema sisi wachoyo." Utani wangu ukaishia hapo, na ngoma ikawa yangu kweli.

Kengele yako ya ng'ombe haikunisumbua, niliikaza kwa bolti juu ya ngoma yangu kubwa ya kukanyaga. Manyanga niliyafunga kwenye chuma cha yale matoazi mawili ya mguu wa kushoto, nikikanyaga yanalia. Lakini yanalia kwa adabu mno. Wewe uliyatikisa kama mtu anayepepeta mtama huku amekasirika.

Ngoma ndiyo iliyonitoa jasho. Wewe ulikuwa unaichomeka ardhini, ukipiga kisigino kando ya mguu wake mara mbili tatu, basi. Kwenye kumbi za saruji ulikuja na ndoo yako ya mchanga na hukutaka mtu aiguse. Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Masasi. Akaigeuza, akaona mguu ule, akasema ukatwe, maana ngoma ikishaning'inia kwenye chuma haina haja ya mguu. Grainda ilikuwa imeshawashwa. Nilimdaka mkono na kupiga ukelele ambao hata mimi uliniaibisha. Wateja wengine waligeuka wakaniangalia kama mgonjwa.

Akanitengenezea bangili ya chuma ya kuibana tumboni. Nikaikaza kwelikweli isicheze. Nikaipiga, ikatoa sauti ya gunia la unga. Nikailegeza, nikaweka vipande vya mpira wa baiskeli ndani ya bangili, ikaanza kulia lakini inateleza inashuka. Tulishindana na kitu hicho mpaka fundi akachoka nami. Mwishowe nikamwomba achomelee kipande cha bomba kilichozibwa chini, kiwe kwenye mkono wa chuma ubavuni mwa dramu zangu. Bomba nikalijaza udongo, nikaushindilia, nikauchomeka mguu humo kama ulivyokuwa unafanya wewe. Ikaitika. Nilikaa chini kwenye yale makapi ya chuma nikalia, na fundi, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Sasa hili ungelicheka mpaka ushike mbavu. Siku ya kwanza ya mazoezi nikaona ngozi imelegea kwa ubaridi, nikawasha majani makavu ya mkorosho niipashe moto kama ulivyonifundisha. Nikasahau kuitoa kwenye bomba. Ngozi yako ikakaza vizuri sana, na plastiki ya ngoma yangu ya pembeni ikakunjamana kama uso wa bibi. Baba Zuhura alitukana mpaka lugha zikamwishia. Mimi nilicheka kwa mara ya kwanza tangu ulale, halafu nikageuka kushoto ili tucheke wote.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, Saidi, siyo kwenye bomba wala bolti. Nilirekodi mazoezi kwa simu nikasikiliza. Kila kitu kipo: kengele ipo, manyanga yapo, ngoma yako ipo. Ila wewe ulikuwa na kawaida ya kuchelewa kidogo. Nikipiga, unaniacha nining'inie hewani, mpaka nadhani umesahau, ndipo unajibu. Nilikuwa nakugombeza kwa hilo, nawe unasema, "Jibu la haraka ni la mtu anayeogopa." Najaribu kuchelewa hivyo na siwezi. Mikono yote miwili ni yangu, inajuana mno. Hakuna anayemngoja mwenzake.

Wiki iliyopita tuliitwa Kitangari, vijana wali wametoka jando, kijiji kizima kimejaa nguo mpya. Sikutaka kwenda. Kama ningekataa, kinanda kingekwenda badala yangu, na sauti yako ingekuwa imekwisha kwenye bendi hii. Nikaenda. Tulipiga mchana, upepo wa kule juu unapeperusha vumbi usoni. Wimbo wa pili nikaanza kuigusa ngoma yako, na watu wakaanza kuchangamka.

Mama yako alikuwa anatoka kuchota maji. Sikumwona alipoitua ndoo. Nilimwona akipasua watu, khanga imemdondoka begani, macho yanatafuta. Aliisikia kabla hajatuona, Saidi. Alikuja moja kwa moja upande wangu wa kushoto, pale unaposimama, akakuta chuma.

Alisimama hapo. Aliliangalia bomba, akaiangalia kengele na manyanga, kisha akaweka kiganja chake juu ya ngozi. Ngoma ikafa sauti. Sikujua kama ananikataza au anakushika wewe. Nikaendelea na zangu tu, mkono wa kushoto ukiwa hewani hauna pa kutua, na wale vijana wakiendelea kucheza, hawajui lolote. Hakuuondoa mkono mpaka wimbo ulipokwisha. Nilitaka kumwamkia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Nilitaka inyamaze kidogo tu."

Akatengeneza khanga yake akarudi kwenye ndoo.

Baba Zuhura anasema shughuli ilikwenda vizuri na habari ya kinanda tuiache. Kwa hiyo umebaki, ndugu yangu, kwa kiasi kile chuma kinavyoweza kumbakiza mtu. Sina raha nalo, lakini nimekubali.

Nakuahidi kitu kimoja. Popote tutakapopiga, Newala, Mnyambe, hata kwetu Lupaso, wimbo mmoja nitauacha bila ngoma yako. Baba Zuhura atageuka kunikodolea macho. Ageuke. Mkono wangu wa kushoto utakaa pajani mpaka wimbo uishe, na atakayeona pengo, ajue kuna mtu.

Mungu akulaze pema, Saidi.

Mtani wako,
Denisi