Picha ya Baba Iliyoko Polisi

Mtoni, Jumanne

Na bado sijaelewa nani anawalipa. Wamekuja tena leo, binti Rehema na mwenzake, wale wanaojitolea kuzitafutia familia habari za wazee wao katika majalada ya zamani ya polisi. Kazi ya bure, katika mji huu! Wanataka niweke sahihi ili wafunguliwe jalada la marehemu baba. Leo sahihi, kesho kiwanja changu kina mwenyewe mwingine.

"Shikamoo, babu. Bado unatuogopa?"

"Marahaba. Siogopi. Nauliza."

"Basi uliza, babu. Mie nipo mpaka chai ya bibi iive."

Mke wangu akacheka jikoni. Huyo wameshamteka.

Ndipo Rehema akaniambia kwamba juu ya jalada imeandikwa kuwa ndani mna picha ya baba, aliyopigwa siku aliyokamatwa. Baba alifariki nikiwa bado natambaa, na nyumbani hatuna picha yake hata moja.

Huenda ananidanganya. Hawa wanajua pa kumshika mtu.

Sahihi nimeweka, baada ya kuisoma karatasi yao mpaka mwisho. Kosa alilokamatiwa sikuuliza. Kwanza nimwone sura.