Tai Mwenye Kishungi Juu ya Mkaratusi Wetu

Baba Kalista,

Upepo wa Ufipa umeanza tena, ule unaotufanya tujitande shuka hata mchana. Mahindi ya nyuma ya nyumba nimeyavuna, mabua bado yamesimama. Kalista yuko Mbeya na biashara yake ya mitumba, huja akipata nafasi. Siku nyingine jua linazama sijasema neno na mtu.

Walipokupunguza kazini, shirika lilipofungwa, uani pakawa ndiyo ofisi yako. Mimi nilimwita kila ndege mwewe, nawe ukicheka: "Mama Kalista, tazama mkia kwanza." Mwewe mkia wake una panda. Kipanga hukatiza kati ya miti kama aliyechelewa. Nilikuitikia huku nachagua maharage, nikidhani hayaniingii.

Juzi jirani yetu Mama Oliva alipotelewa na vifaranga. Akanunua sumu sokoni Mazwi, siku hizi kila duka linauza, akaipaka kwenye utumbo wa mbuzi. Akaja kunionyesha ndege mweusi juu ya mkaratusi wetu. Mwizi ni yule, akasema.

Nikatazama. Mkia haukuwa na panda. Kichwani kishungi kirefu, kinapepea. Nikamwambia huyo ni tai, chakula chake panya, asubiri kidogo. Hakuniamini, ila alikaa. Tuliketi mlangoni pa jiko, bakuli la sumu miguuni pake, mpaka ugali wangu ukapoa. Kisha tai akashuka kwenye mabua, mabaka meupe yakaonekana mbawani, akapaa na panya. Mama Oliva akaomba jembe, akaufukia ule utumbo. Aliyekula vifaranga, nadhani, ni kicheche.

Nami nikageuka kukuita uje uone. Mdomo ulishafunguka, Baba Kalista.

Mama Oliva aliniona. Akaniuliza taratibu nani alinifundisha ndege. Tangu tukuzike watu wanakuita marehemu, nami naitikia tu. Na miaka yote ya ndoa sikukuita ila kwa jina la mtoto wetu.

Nikasema, "Desideri. Mume wangu Desideri."

Mama Oliva akanishika mkono, akasema atarudi kesho nimweleze ulikuwa mtu wa namna gani.

Pumzika, Desideri. Akija, nitamweleza yote.

Mkeo