Mbwa Mchimba Chambo

Ushongo, Pangani
Jumatano, 12 Septemba 1956

Kwa kaka yangu Rafaeli,

Shikamoo kaka, na shikamoo nyingine kwa niaba ya watoto. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko Vuga? Na shemeji Lea, jino lake limeng'oka au bado analibembeleza? Sisi huku hatujambo, tunakula, tunalala. Ruthi wangu amenenepa mpaka gauni la Krismasi limekataa vifungo, ila usimwandikie kwamba nimesema. Jirani yetu Anjela, mke wa mnyapara, amenunua viatu vya visigino. Anatembea navyo mchangani, anazama kama nguzo ya nyumba, halafu anaona haya kuvivua. Tumecheka sana wiki ile.

Lakini kaka, sikukaa kuandika ili tucheke. Nina hasira. Penseli nimeivunja mara mbili kabla sijafika hapa, na utaona karatasi imetoboka. Yule mbwa uliyenipa, Hayakuhusu, amekufa. Amekufa Ijumaa iliyopita, kwa sumu. Tangu siku hiyo hapa kijijini hakuna neno jingine.

Unakumbuka nilivyomchukua kwako mdogo, nikambeba ndani ya kikapu mpaka Mombo, akanikojolea suti ya kanisani. Jina nilimpa kwa ajili ya Anjela, maana kila nikitoka na mfuko lazima aulize una nini humo. Basi nasimama mlangoni naita kwa nguvu, Hayakuhusu! Njoo hapa, Hayakuhusu! Mbwa anakuja mbio na Anjela anafunga dirisha. Siku moja alinijia akasema kama nina neno naye nimwambie yeye, nisimwambie mbwa. Nikamwambia mama Anjela, mbwa ni wangu, wewe umeitikaje?

Na wale wenzangu wa kuvua nilikuandikia habari zao. Mwenye ngalawa ni Mwinyijuma, mtu mzima, mpole, anayeongea mara moja kwa wiki. Idarusi ni shemeji yake, amemwoa Sabiha, dada wa Mwinyijuma. Na mimi, mlinzi wa stoo ya katani, mtu wa milimani nisiyejua hata kuelea. Kasia silijui, tanga silijui, kwa hiyo kazi yangu ngalawani ni chambo na maneno. Mwinyijuma husema bila Asheri samaki wangekuja vilevile, lakini wangekuja kimya.

Kaka, hiyo ndiyo raha yangu ya dunia. Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa nalinda katani ya watu, Jumamosi nashika mshipi wangu. Mwaka jana kolekole mmoja alinivuta mpaka nikawa nusu mimi nusu bahari. Idarusi akanidaka kikoi. Kikoi kikabaki mkononi mwake, mimi nikabaki kama nilivyozaliwa, na samaki bado yuko kwenye ndoana. Mwinyijuma akageuza uso akasema, astaghafirullah, vuteni samaki kwanza, mengine baadaye. Tulicheka mpaka pwani. Idarusi hakuwasimulia watu mwezi mzima, na kwa mtu wa Ushongo mwezi mzima ni heshima kubwa.

Mbwa ngalawani hapandi, hiyo najua, wenzangu ni Waislamu. Pua yake ikigusa kanzu ya Mwinyijuma, kanzu inakwenda kufuliwa. Lakini tukirudi, kitu cha kwanza anachokata Mwinyijuma ni kichwa cha samaki changu, anamrushia kwa mbali, anasema mlinzi apewe posho yake.

Sasa siri ya chambo. Wao walijua kaa nachimba mimi, kwa mikono yangu, alfajiri. Waliniita Fundi Kaa. Uongo mtupu. Mimi nilikuwa nakaa juu ya gogo navuta sigara. Hayakuhusu ndiye aliyekuwa anachimba. Ananusa tundu, anatimua mchanga mpaka mkia unabaki peke yake nje, anatoka na kaa mdomoni, anakuja kumtia kikapuni, hamvunji hata mguu. Kwa miaka sita nilikipeleka kikapu ngalawani na sikusema kitu. Ningesemaje? Ningesema, ndugu zangu, hiki chambo kimetoka kwenye mate ya mbwa, haya tieni ndoanani?

Mwezi uliopita Idarusi alipita ufukweni mapema kuliko kawaida yake, akaona yote. Alisimama akaangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, Fundi Kaa, kumbe fundi ana miguu minne! Mimi nikamwomba, nikamshika mkono, nikamwambia Idarusi, hili tulizike hapa hapa. Akasema limezikwa. Kaka, lilizikwa mpaka adhuhuri. Alasiri nilipopita barazani kwa muuza kahawa, watu waliniangalia wote kwa pamoja, halafu Mzee Uweso akabweka. Mzee mwenye mvi, ameshika kikombe cha kahawa, anabweka! Kicheko chao nilikisikia mpaka nyumbani. Kesho yake Anjela akasimama mlangoni kwake akaniuliza kwa sauti tamu, baba Ruthi, chambo leo kitachimbwa na nani, au hayanihusu?

Hapo ndipo hasira ilipoanza. Mimi naongea, wote mnajua, naongea hata nikilala. Lakini huyu Idarusi nilimwomba!

Na Mwinyijuma hakuja. Jumamosi ile nikakuta ngalawa imevutwa juu, haina mtu. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Nikasema basi, wameniacha. Wamekaa, wamehesabu samaki wote waliokula miaka sita, wameona nimewalisha najisi. Kwako mlimani ukikosana na mtu unahamia kilima kingine, kaka. Hapa nitahamia wapi? Bila ile ngalawa mimi ni mlinzi wa katani tu, napumua vumbi mpaka nizeeke.

Kisha Ijumaa, saa ya sala, watu wako msikitini, Hayakuhusu akafa nyuma ya nyumba yangu. Watoto wa Anjela ndio waliomwona kwanza. Walikusanyika watu, na mimi nililia, sikuona haya. Nikauliza mbele ya wote, nani hapa alikuwa na neno na mbwa wangu? Jina sikutaja. Lakini kila mtu aligeuka akaangalia upande wa nyumba ya Idarusi, maana ndiye aliyeitangaza habari ya mbwa.

Mwinyijuma alirudi Jumapili. Kumbe alikuwa Kipumbwi kwenye matanga ya mama yake mdogo, na mimi sikuambiwa kwa sababu nilikuwa najificha watu wasinibwekee. Alikuja kwangu moja kwa moja na vumbi la safari, akakaa, akanipa pole kama mtu aliyefiwa. Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka sasa linanichoma. Akasema, Asheri, habari ya kaa mimi naijua tangu mwaka wa kwanza. Alama za meno ziko kwenye gamba, mimi si kipofu. Akasema ndiyo maana kila kikapu nilichomletea alikuwa anakishusha majini kwanza, anawasuuza kaa mara saba, mara moja kwa tope, kama sheria yao inavyotaka kwa kitu kilichoguswa na mbwa, wakawa safi. Mimi nilimwona miaka sita akifanya hivyo, nikadhani ni dawa ya kuita samaki! Tena nikaenda kuwasimulia watu wa kambi kwamba Mwinyijuma ana uganga.

Nikamuuliza kwa nini hukusema. Akasema, ulionekana unaipenda kazi yako, nikaona nisikuvunje moyo.

Kaka, nilitaka kumpiga! Miaka sita anajua, ananyamaza! Mtu mwenye maneno machache anaweza kukuua kuliko mwenye mengi.

Alipotoka kwangu alikwenda kwa Idarusi. Alimwambia anayemtilia sumu mnyama wa mwenzake hakai naye chombo kimoja. Idarusi akakana, akasema hakumgusa. Jumbe wa kijiji akataka aape kwa Msahafu, yaishe. Idarusi akasema yeye hawezi kushika Kitabu cha Mungu kwa ajili ya mbwa, hata wamkate. Basi watu wakasema, mmeona, anaogopa kiapo. Sasa ngalawani hapandi, barazani haamkiwi, na kesho asubuhi anapanda lori kwenda Pongwe kukata mkonge, yeye ambaye hajawahi kushika panga la katani maisha yake. Leo mchana Sabiha alikuja hapa na mtoto mgongoni. Hakunitukana. Aliniomba tu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye mbwa, niende nikaseme nimesamehe, mume wake abaki.

Kaka, Idarusi hakumwua mbwa. Nimemwua mimi.

Dawa ya panya ya stoo, niliitia kwenye kichwa cha changu. Nilijisemea mbwa akiondoka maneno yataondoka, nitakwenda kwa Mwinyijuma mikono mitupu, nimwambie yamekwisha, nipakie. Hayakuhusu alipoona kichwa cha samaki alidhani wenzangu wamerudi, akakimbia kwanza ufukweni kuwatazama. Nikamwita arudi. Akarudi, kwa sababu ni mimi niliyemwita. Na nilipouliza mbele za watu nani alikuwa na neno naye, nilijua watageuka wapi. Nilitaka wageuke. Mtu aliyenidaka kikoi nisife maji!

Hasira yangu yote, tangu mstari wa kwanza wa barua hii, nilikuwa natafuta pa kuitua. Nimeitua kwa Idarusi, haikukaa. Kwa Anjela, haikukaa. Kwa Mwinyijuma, nayo haikukaa.

Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu naijua tabia yangu. Nikitoka hapa bila kuliandika, njiani nitalipamba, nitafika kwa Mwinyijuma na hadithi nyingine. Sasa liko hapa kwa mwandiko wangu. Nafunga barua, nampa Anjela mkononi, anakwenda Pangani na lori la jioni, na bahasha sitaigundisha. Ataisoma, huyo najua ataisoma kabla ya kivuko. Kwa hiyo sina budi nifike mimi kwa Idarusi kabla ya Anjela kumaliza. Ngalawani sitapanda tena, hilo nimelikubali. Apande yeye.

Katika barua yako ya mwisho ulisema mbwa wako jike amezaa tena, unaniwekea mmoja. Usiniwekee. Hata nikija mwenyewe huko, nikikuchekesha, nikikubembeleza kama ninavyojua, usinipe.

Wasalimu wote wa nyumbani, na pastori, na mama mkubwa Praxeda mwambie miguu ipakwe mafuta ya nazi, nitamletea. Niombeeni.

Ni mimi mdogo wako,
Asheri