Shikamoo Niliyompa Sokwe

Mdogo wangu Petro, hamjambo huko Bashay?

Huku kwenye kituo cha sokwe yatima kuna baridi kama ya kwetu. Mtunzaji alituonyesha sokwe jike mkongwe, akasema, "Huyu ndiye bibi wa hapa." Kwa mazoea nikainama: "Shikamoo, bibi!" Wageni wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi hakujali. Alikuwa akimmegea ndizi yake mtoto asiye wake, na mtunzaji anasema usiku hulala amemkumbatia.

Shikamoo ile siijutii, ameistahili. Wewe unaidai kila asubuhi kwa Neema, yatima wa kaka yetu, anayelala jikoni na mbuzi.

Nakutakia afya njema, mdogo wangu. Neema namtakia kitanda.

Dada yako,
Magdalena